Babu wa Mpunga Hana Msiba

Yanomata, 8 Mei 1969

Mdogo wangu Towa,

Usidhani kimya changu ni cha kaburini. Theluji ilikatalia barabarani mpaka juzi, na mtu wa posta si mbuzi wa milimani. Mimi ni mzima. Goti linalalamika, lakini goti la mtu wa miaka sitini na sita likinyamaza ndipo pa kuogopa. Vitalu vya mpunga vimeota vizuri. Kaburi la mke wangu Sada nimelisafisha. Mwambie Mama paka wake bado yu hai, na bado ni mwizi. Kwenye kifurushi mna figili za kusindika, nimemkatia nyembamba kwa ajili ya meno yake, yaani kwa ajili ya ufizi wake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wazee wa kijiji wamekaa kikao kuhusu ngoma ya mavuno. Unajua mwaka juzi haikuchezwa kwa sababu Sada alikufa vuli ileile, na nyumba yenye msiba haivuki lango la hekalu. Anayevaa kinyago cha Babu wa Mpunga ni mimi, na bila Babu hakuna ngoma. Mwaka jana msiba wangu ulikuwa haujaisha, na wapiga ngoma nusu yao walikuwa Tokyo wakibeba zege. Kwa hiyo mavuno mawili yamepita kimya. Na unajua kwetu wanasema nini: ngoma ikilala mavuno matatu, haiamshwi tena.

Makumbusho ya mkoa wamesikia. Wameandika kwa adabu nyingi kwamba wanavitaka vinyago, watavihifadhi ndani ya kioo penye taa. Uso wa Babu aliouvaa baba yetu, uwekwe kwenye sanduku la kioo kama samaki wa dukani! Wazee wamekubaliana: vuli hii tusipocheza, vinyago vinakwenda.

Mimi nitacheza vuli hii, hata kwa goti hili. Baada ya hapo siwezi, na mrithi sina. Mwanangu Kenzo alizama na meli yake vitani, hilo huhitaji kukumbushwa. Babu wa Mpunga hajawahi kutoka nje ya ukoo wetu wa Nyumba ya Juu, na damu ya Nyumba ya Juu iliyobaki ni mwanao Shunji. Mlete sikukuu ya wafu, mwezi wa nane, nimfundishe. Nakuomba, na wajua mimi si mwombaji.

Kaka yako,
Tokuzo


Kawasaki, 29 Mei 1969

Kaka Tokuzo, shikamoo,

Figili zimefika na harufu yake imefika kabla yake. Jirani aligonga mlango akauliza kama kuna panya amekufa. Sisi wazima. Huku joto limeanza, na moshi wa viwanda unatia weusi kwenye nguo hata kabla hazijakauka. Mama anakula vizuri na kunikosoa vizuri zaidi.

Kuhusu Shunji, nimesema naye. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, nisije nikayatia sukari.

“Mama,” ameniambia, “kiwandani mimi naunganisha redio kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine. Nikiomba ruhusa ya wiki mbili nikajifunze kuanguka ngomani, msimamizi ataniambia nianguke hukohuko nisirudi.”

Nikamwambia ni ngoma ya babu yake. Akasema, “Babu yangu mwenyewe sikumwona. Mjomba atanisamehe.” Halafu akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Kaka, mtoto ana aibu, lakini haji. Usimchukie.

Mama yetu alikuwa amelala, au ndivyo tulivyodhani. Akafungua jicho moja.

“Tokuzo anatafuta mtu?”

“Ndiyo, Mama.”

“Amchukue yule mkwe wa muuza tofu. Nilimwona akipanda ngazi za hekalu na ndoo mbili, halikumwagika hata tone. Huyo ana kiuno.”

Nikamwambia, lakini Mama, yule si wa Nyumba ya Juu, hata si wa kijiji. Akasema, “Na mimi je? Mimi nilizaliwa Nyumba ya Juu? Mwambie Tokuzo kinyago ni mti, hakijui ukoo.” Akalifunga jicho.

Basi hayo ndiyo ya Mama. Mimi nimeyabeba tu.

Towa


Yanomata, 20 Juni 1969

Mdogo wangu Towa,

Tumemaliza kupandikiza jana. Mgongo wangu na goti langu wamefanya urafiki, sasa wanauma pamoja. Mvua ni ya kutosha.

Mwambie Mama, kwa heshima zote, kwamba amechanganyikiwa. Tadao wa tofu! Mtu aliyetoka ng’ambo ya mlima, akaacha jina la baba yake na kuvaa la mkewe, leo avae na uso wa baba yangu? Watoto wa Nyumba ya Juu walipokuwa wakipigwa fimbo za miguu kwa kukosea hatua, yeye alikuwa wapi? Miguu yenyewe ameiona Mama? Ni ya bata. Afadhali kioo cha makumbusho.

Towa, hayo ya juu niliyaandika wiki iliyopita, nikawa sijaipeleka barua posta. Sasa naongeza.

Jioni ya siku ileile Tadao alikuja mwenyewe na bakuli la tofu. Akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, hakuthubutu kupanda kwenye mikeka.

“Mzee,” akasema, “nasikia unatafuta mtu wa kumshika kiuno umfundishe ngoma.”

“Nani amekuambia?”

“Kijiji kizima. Ulikuwa ukimtukana Shunji juu ya daraja, peke yako.”

Nikamwuliza anataka nini na ngoma isiyo yake. Akasema mwanawe wa kike amezaliwa hapa, na mtoto akikua akamwuliza watu wa Yanomata hucheza nini wakivuna, atamjibu nini? Kwamba waende mjini wakalipe kiingilio? Nilikula tofu yake. Ni nzuri, sikumwambia.

Ninamfundishia uani kwangu, penye kupuria mpunga. Kama alivyofanya Baba, nasimama nyuma yake, nashika mkanda wake, na mdomo wangu ndio ngoma: den, den, sukuten. Hatua anakanyaga kama anayeua mende. Lakini kiuno, Towa, kiuno hakitikisiki. Mwambie Mama jicho lake moja linaona kuliko yangu mawili. La, usimwambie.

Tokuzo


Kawasaki, 14 Julai 1969

Kaka Tokuzo,

Nimemwambia. Mama alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa. Sasa amepoa. Joto la huku halimfai, anashinda karibu na dirisha na taulo lenye maji kichwani. Mimi mzima. Shunji amechumbia, binti wa kiwanda kilekile, mpole, ana sauti kubwa. Utampenda.

Barua yako nilimsomea mara mbili. Tangu hapo anasimulia ya zamani, hata yale ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Unakumbuka Baba Mdogo Yahei alipoangukiwa na gogo msituni? Mimi nilikuwa mdogo, wewe utakuwa ulikuwa kijana. Mama anasema mjumbe alikuja mbio kuleta habari, na kesho yake ndiyo ngoma. Akakutana na wanawake mtoni. Wakamwambia, kaa papo hapo chini ya daraja, usipande. Maana kwetu msiba hauingii siku mtu anapokufa, unaingia siku mwenye nyumba anapousikia. Yule mtu akakaa chini ya daraja mpaka ngoma ikaisha, Mama akimpelekea chakula kwa kificho, na Baba akacheza bila kujua kwamba hana ndugu tena. Alipotoka kuvua kinyago ndipo mjumbe akapanda.

Nikamwuliza Mama, Baba hakukasirika? Akasema, “Alikasirika mwaka mzima. Lakini alicheza.”

Nakuandikia haya kwa sababu yamenikaa moyoni, sijui kwa nini. Mpe Tadao pole ya miguu ya bata.

Towa


Yanomata, 9 Agosti 1969

Mdogo wangu Towa,

Mpunga umetoa masuke. Nyasi za makaburini nimefyeka, tayari kwa wafu wetu kuja kututembelea. Kwenye kifurushi nimemtumia Mama maplamu ya chumvi, aweke moja ndani ya uji, joto litampungua. Nilifikiri kuja kumwona katika sikukuu, lakini Tadao hapati nafasi ila siku hizo, na kila siku ni mali. Nitakuja baada ya ngoma, mavuno yakishaingia ghalani. Mwambie aningoje, asiwe na haraka ya kunigombeza.

Tumefika kwenye kuanguka. Unajua hapo ndipo palipo ngoma yote. Babu anaingia na mganda wa kwanza wa mpunga kifuani, anacheza, anazeeka, halafu anakatwa kama mpunga unavyokatwa. Lazima aanguke chini mzima mzima, na mganda usiguse ardhi. Kisha alale hapo kama mfu, mpaka ngoma zimwamshe awe mbegu.

Goti hili limenifanya miaka mingi nianguke niwezavyo. Sasa kumfundisha mwenzangu, ndipo nimegundua sijui tena Baba alitanguliza bega gani. Nafunga macho namwona akianguka, lakini mara kulia, mara kushoto. Waliocheza naye wote wamekufa. Amebaki mmoja tu anayejua, na hakuwahi kucheza. Mama ndiye aliyefua nguo ile ya ngoma kila mwaka mpaka Baba akaacha. Mwulize tope lilikuwa bega gani. Yeye hawezi kusahau, kwa jinsi alivyolilaani.

Nasubiri jibu. Tadao naye anasubiri, ameshachubuka mabega yote mawili.

Tokuzo


Kawasaki, 11 Septemba 1969

Kaka Tokuzo,

Salamu. Nisamehe kwa kuchelewa hivi. Kulikuwa na joto, na kazi za nyumbani, na mipango ya harusi ya Shunji. Sisi hatujambo. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Maplamu yamefika salama. Asante.

Gonroku wa chini ya kilima alipita hapa wiki iliyopita, anabeba zege karibu na kituo cha treni. Nilimpa chai. Alitaka kumsalimu Mama lakini Mama alikuwa amelala chumba cha pili, nikamwomba apunguze sauti. Akikuambia ameona nimekonda, ni joto tu.

Kuhusu lile swali lako, Mama anasema bega lolote. Angukia litakalokuwa jepesi kwa goti lako.

Cheza vizuri, kaka. Usiwaze ya huku hata kidogo. Waza ngoma tu.

Towa


Yanomata, 25 Septemba 1969

Towa,

Mpunga umeinama. Tutaanza kuvuna ukikauka umande. Barua yako imefika.

Gonroku naye amerudi kwa mavuno. Nilipomwona anakuja kwenye uzio wangu, nikamwuliza habari za bei ya zege Tokyo, nikamwuliza tena, mpaka akachoka akaenda zake.

Mimi sikukuuliza habari za Mama katika barua hii. Tazama vizuri, sikuuliza. Kwa hiyo huna la kunijibu. Ukiniandikia kabla ya ngoma, niandikie habari za Shunji na huyo binti mwenye sauti.

Tadao anaanguka sasa. Nimemwambia achague bega mwenyewe. Aliniuliza, “Mama amesemaje?” Nikamwambia jibu halikuja. Amechagua kushoto, kwa sababu kulia ndiko anakobebea ndoo. Tunafanya kila siku, asubuhi kabla hajapika tofu na jioni tukitoka shambani. Simpumzishi. Mkewe amekuja kunilalamikia kwamba namuua mumewe. Nikamwambia ndiyo, ndiyo ngoma yenyewe.

Kifurushini mna uyoga na njugu za chestinati. Ni vyako.

Tokuzo


Kawasaki, 3 Oktoba 1969

Kaka,

Nimepokea. Uyoga umenikumbusha nyumbani mpaka nikakaa chini.

Safari hii hukumwekea Mama chochote laini. Nadhani ulisahau kwa wingi wa kazi. Mimi nimeamua kuamini umesahau.

Shunji na binti wataoana mwakani. Si mwaka huu. Wamesema hawana haraka.

Siku ya ngoma nitafumba macho yangu, nikusikilize kutoka huku. Ingia langoni kwa mguu wa kulia. Uvae uso wa Baba, uanguke, uamke. Ni hilo tu ninalolitaka duniani sasa hivi, sina lingine.

Towa


Yanomata, 20 Oktoba 1969

Mdogo wangu Towa,

Ngoma imechezwa. Vinyago havitakwenda makumbusho. Nakuambia hilo kwanza ili upumue.

Sasa pumua tena, kwa maana sikucheza mimi.

Nilijua tangu barua yako ya Septemba. Mama aseme bega lolote? Mama aliyefua tope lile akimtukana Baba, na mpunga, na mungu mwenyewe? Mama alale wakati mgeni yuko sebuleni, tena mgeni mwenye habari za kijijini? Nilisoma barua nikiwa nimesimama mlangoni, nikakaa. Paka wake akaja akakaa juu ya barua. Hivyo ndivyo nilivyopokea msiba wa Mama yangu, Towa, kutoka kwa mtu aliyeniambia hajambo.

Sikulia kwa sauti. Ningelia, majirani wangesikia, na wakisikia ndiyo nyumba yangu imesikia. Nilijiambia hakuna aliyenitajia. Nilikuwa kama yule mjumbe chini ya daraja, ila mjumbe na mwenye nyumba ni mtu yuleyule. Na kila siku nilimshika Tadao mkanda nikampigia ngoma kwa mdomo, na mdomo huohuo ulitaka kumwita Mama. Ningelitangaza msiba siku ile, hakuna ambaye angekanyaga ua wangu. Angebaki na nusu ya ngoma. Wiki zile ulinipa wewe, kwa kunyamaza kwako. Nilizitumia zote.

Nilikusudia kucheza, Towa. Nakuapia. Asubuhi ile niliamka, nikaoga maji baridi, nikavaa. Tulipanda sote na ngoma. Nikafika langoni. Wengine wakainama, wakapita. Mimi nikainama, mguu ukagoma. Si goti. Goti siku hiyo lilikuwa zima kabisa. Nikaona kwamba wanadamu naweza kuwadanganya, na barua naweza kuidanganya, lakini nikipita pale na uso wa Baba nitakuwa namwambia Baba kwamba mkewe hajafa.

Nikasema mbele yao wote, “Nyumba yangu ina msiba. Mama amefariki.”

Mzee Isokichi wa hekalu akauliza, “Umesikia lini?”

“Nimesikia sasa hivi.”

Hakuna aliyecheka. Gonroku aliangalia viatu vyake. Nikamvua Tadao kofia yake, nikamfunga kinyago kwa mikono yangu, hapo nje ya lango, kamba zikinishinda. Akaninong’oneza ndani ya mti, “Mzee, siwezi.”

“Huwezi nini, we bata? Kiuno unacho. Nenda.”

Nikashuka mpaka barabarani, maana hata kusimama kwenye kivuli cha lango haifai. Sikuona kitu. Nilisikia tu. Hatua zake nilizitambua, bado anaua mende. Halafu ngoma zikanyamaza pale pa kuanguka, na ukimya ukawa mrefu, nikadhani amevunjika. Kisha watu wakashusha pumzi kwa pamoja, nikaisikia mpaka barabarani. Nami ndipo nikalia kwa sauti, maana sasa nilikuwa nimeruhusiwa.

Walimwaga chumvi pale niliposimama. Kwenye karamu sikualikwa, na ni haki yao. Wanahesabu siku nilizokuwa nikiwagusa mikono. Tadao alinipitishia tofu juu ya uzio, hakuingia. Babu wa Mpunga sasa yuko nyumba ya tofu. Nyumba ya Juu imebaki na mzee na paka.

Nitakuja kumchukua Mama. Kabla sijaja, niandikie alivyokufa, tangu mwanzo, usiniruke hata neno. Sasa nauliza.

Kaka yako,
Tokuzo


Kawasaki, 2 Novemba 1969

Kaka,

Nimeisoma barua yako, nikaichana, nikaiunganisha kwa gundi, nikaisoma tena. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, utaona mwenyewe.

Ulijua! Ulijua tangu nilipoandika kwamba Mama anakusalimu, na ukaniacha niendelee kumficha. Mifupa yake tuliyoikusanya baada ya kumchoma ilikuwa kabatini, nyuma ya magodoro, Gonroku alipokuwa akinywa chai akiiegemea milango ileile. Nilimwambia apunguze sauti, Mama amelala. Sikumwashia ubani mchana, jirani anayetoka kwetu asije akanusa. Nilikuwa naamka kabla Shunji hajaamka, nafungua kabati, nasema naye kidogo, nafunga. Hata siku ya arubaini na tisa ya kumwombea nilimfanya kuhani aje kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Yote hayo ili uvuke lango. Nawe umefika langoni ukageuka! Miezi hii yote nilikuwa naliwa na nini, kaka, kama si lango lile?

Unataka alivyokufa. Haya, chukua.

Alianza kukataa chakula sikukuu ya wafu ilipokwisha. Daktari akasema moyo umechoka. Akili alikuwa nayo, ilikuja na kwenda. Swali lako la bega lilikuwa limefika. Nilikuwa nimeliweka, nikingoja apate nguvu. Sikumwuliza. Ndiyo maana sikuwa na jibu, nikabuni, na hata kubuni nimeshindwa.

Hakuitaja ngoma hata mara moja. Nilitaka aitaje. Ningesikia neno moja tu, “mwache Tokuzo acheze,” leo ningelala. Alikuwa anakuita wewe. Siku zile zote za mwisho, mlango ukilia, Shunji akitoka kazini, muuza samaki akipita, anainua kichwa. “Tokuzo huyo?” Mimi namwambia, “Yuko njiani, Mama.” Anasema, “Anachelewa kama baba yake.” Baada ya kitambo, mlango tena. “Tokuzo huyo?”

Posta iko mwisho wa mtaa wetu. Ningefika kwa kandambili nikakupigia telegramu. Treni ya usiku ingekufikisha asubuhi, alikuwa bado anapumua. Nilivaa kandambili mara mbili. Nikafikiri, akija atamkuta anakufa, na akimwona anakufa amesikia, na ngoma imekwisha kwa sisi sote. Nikavua. Nilimdanganya mpaka akafa akiangalia mlangoni.

Hilo ndilo sikutaka kukuandikia, wala si kifo. Nimemnyima Mama mwanawe, nikampa mkwe wa muuza tofu ngoma. Njoo umchukue. Mimi sitaweza kukutazama usoni, lakini njoo.

Towa


Yanomata, 9 Novemba 1969

Mdogo wangu Towa,

Baridi imeshuka, vilele vimeanza kuwa vyeupe. Mimi ni mzima, namaanisha nakula na kulala. Mpunga umeingia ghalani, si haba.

Barua yako niliisoma, nikaenda kupanga kuni, nikarudi nikaisoma. Tadao amekuja kunisaidia kuni. Sasa anaingia ndani, anasema wanaoogopa msiba wangu ni wale wanaodhani hawatakufa. Atashughulika na paka nikiwa safarini. Nitafika Jumapili mchana kabla theluji haijafunga njia. Usije kituoni, baridi si nzuri kwako, na mimi najua nyumba. Weka ubani mezani, mwingi, jirani anuse mpaka achoke. Kaburi nimelifungua pembeni mwa Baba. Hasira zako zote zilete hapo mezani, nitazila, ni haki yangu.

Lakini hilo la kandambili nataka likufikie kabla yangu, maana uso kwa uso nitashindwa kulisema.

Nimelifikiria usiku na mchana. Nilitaka kukuandikia maneno ya kukupoza, kwamba Mama aliridhika, kwamba alijua. Sijui alijua nini. Ninachokijua ni mimi. Nilikuwa nimeshakuandikia kwamba aningoje mpaka baada ya ngoma, na niliandika bila kusita. Shunji alikataa kuja huku mara moja, nikamtukana juu ya daraja. Mimi nilikuwa nakataa kuja huko tangu mlipompandisha Mama kwenye treni kumhamishia kwenu, na sikuwahi kujitukana.

Kwa hiyo usiseme tena ulimnyima Mama mwanawe. Mwanawe alikuwa uani, ameshika mkanda wa mtu. Ningeipokea telegramu yako mlangoni, Towa, ningeisoma, ningejiambia Mama ni mgumu, atangoja. Ningeikunja nikaiweka mfukoni, nikarudi kwa Tadao. Nisingekuja.

Kaka yako,
Tokuzo